Chora Chumba Kwanza, Mamba Baadaye

Na mwanachama wa mwaka wa tatu, Uhandisi wa Ujenzi

Mwezi Januari mwaka huu kaka yangu, mtoto wa mama mkubwa, alinipigia simu kutoka Champlin. "Mdogo wangu, wewe si unasomea ujenzi? Njoo Jumamosi, kuna chumba nataka unichoree." Nikadhani shemeji amechoka na jiko lake. Nilipofika nikapelekwa sebuleni, nikaonyeshwa tangi la kioo la kufugia samaki. Ndani yake, juu ya jiwe, alikuwa amelala mamba.

Hakuwa mamba wa Rufiji wala wa Ziwa Victoria. Alikuwa kaimani, mamba wa Amerika ya Kati na ya Kusini, mwenye urefu wa kama sentimita 35 kutoka puani hadi ncha ya mkia. Kaka alimnunua kwenye maonyesho ya reptilia, kwa bei aliyonitajia kwa sauti ya chini ili shemeji asisikie. Mtoto wao wa miaka mitatu, anayeniita baba mdogo, alikuwa keshampa jina: Bosi.

"Nichoree nyumba yake," kaka akasema. "Ya humu ndani, ya kudumu. Sitaki mambo ya kubabaisha. Na uandike kwa Kiswahili, shemeji yako naye aielewe."

Makala haya yametokana na mchoro huo. Maoni yangu ni haya: mtu yeyote anayetaka kufuga kaimani achore kwanza chumba cha mamba mzima, mwenye urefu wake wote, kabla hajamnunua yule mdogo. Na miji yetu ya hapa Minnesota ingefanya vema kudai mchoro huo kabla mnyama hajavuka kizingiti. Najua wapo watakaosema wapigwe marufuku kabisa, na wapo watakaosema kila mtu na nyumba yake. Nitawajibu wote, ila kwanza twende kwenye hesabu, maana hesabu ndiyo iliyonibadilisha mimi mwenyewe.

Jina lake

Kwanza tumalize suala la jina, maana najua walimu wetu hawatasoma mbele kabla halijatulia. Kiswahili kina mamba, na baadhi ya wazee huita ngwena. Kina pia kenge, ambaye hayumo katika ukoo huo ingawa anafanana nao kwa mbali. Kaimani hana jina la asili kwetu kwa sababu hatukuwahi kuishi naye. Nimetumia "kaimani" kwa aina yake na "mamba" kwa ukoo mzima, kama tunavyofanya kwa ndege wageni.

Kuna tahadhari moja kwa wanachama mnaojifunza lugha yetu. Ukimwambia jirani Mmarekani kwamba ndugu yako ana mamba nyumbani, atafikiria nyoka. Kiingereza kilichukua neno hilo kusini mwa Afrika kwa maana ya nyoka yule ambaye sisi tunamwita koboko. Kaka alilijua hilo baada ya jirani yake mmoja kusimama mlangoni dakika tano nzima bila kutaka kuingia.

Samaki mkunje angali mbichi, mamba je?

Kaka alikuwa na hoja moja aliyoiamini sana. Alisema ukimlea mnyama tangu mdogo atakuzoea, na akanitolea methali: samaki mkunje angali mbichi. Ni methali nzuri kwa watoto wa watu. Kwa mbwa pia inafaa, kwa sababu mbwa amekaa na binadamu maelfu ya miaka na wazazi wake walichaguliwa kwa upole wao. Kaimani hajapitia uchaguzi huo. Kizazi chake cha jana kilikuwa mtoni, au kwenye shamba la ngozi, na hakuna aliyekuwa akiangalia nani mpole nani mkali.

Anaweza kukuzoea, ndiyo. Atajifunza kwamba hatua zako zinaleta chakula, na atakuja zikisikika. Lakini mnyama anayekuja mbio kwa sababu anategemea kula si lazima awe rafiki. Kwa hiyo chumba chake lazima kichorwe kwa kudhani kwamba siku moja hatatii. Anayechora kwa kutegemea mazoea anaiweka familia yake rehani.

Urefu

Kaka alikuwa na kaimani wa aina ile inayoitwa ya miwani, kwa sababu ya tuta la mfupa lililo kati ya macho yake. Dume la aina hii hufika kati ya mita 1.5 na 2, na wengine hupita hapo. Jike ni mfupi zaidi. Hata aina ndogo kuliko zote, ambayo wauzaji hupenda kuisifu kwa udogo wake, dume lake hufika kama mita 1.5. Huwezi kumtambua dume au jike kwa macho akiwa na urefu wa rula, kwa hiyo unachora kwa kudhani ni dume. Nilichukua mita 1.8.

Mnyama wa mita 1.8 anahitaji bwawa ambamo anaweza kugeuka bila mkia kugonga ukuta, kuogelea hatua kadhaa, na kuzama mwili mzima. Nikachora bwawa la mita 4 kwa 2.5, kina cha sentimita 60. Ubavuni nikaweka nchi kavu ya mita 4 kwa 2, penye kivuli cha kujifichia na mahali pa kuota joto la taa. Jumla ni mita za mraba 18, na hapo sijaweka mahali pa kusimama anayemhudumia. Wanachama wanaokaa mabwenini wapime vyumba vyao kisha waniambie.

Kaka aliangalia karatasi akacheka. "Hicho ni chumba cha kulala cha bwana na bibi."

"Ndiyo, kaka. Nawe na shemeji mtalala kwenye tangi la samaki."

Uzito

Hapa ndipo somo langu la darasani lilipoingia nyumbani. Mita moja ya ujazo ya maji ina uzito wa tani moja. Bwawa la mita 4 kwa 2.5 kwa 0.6 lina mita za ujazo 6, yaani tani 6. Kwa kila mita ya mraba ya sakafu, maji peke yake yanakandamiza kwa kilo 600.

Sakafu ya ghorofa katika nyumba ya kawaida ya Marekani husanifiwa kubeba mzigo wa paundi 40 kwa futi ya mraba, ambao ni kama kilo 195 kwa mita ya mraba. Bwawa la Bosi lingezidi hapo mara tatu. Kaka alikuwa amekusudia kuliweka chumba cha juu, kilichokuwa cha wageni. Lingeshuka lenyewe hadi sebuleni, likiwa na mwenyewe ndani.

Mahali pekee panapofaa ni chini, katika chumba kilichochimbwa ardhini ambacho wenyeji wengi wa huku wanacho, juu ya zege lililolala moja kwa moja kwenye udongo. Vyumba hivyo ni vya kawaida huku kwa sababu ya baridi. Msingi katika kaunti hii ya Hennepin lazima ushuke inchi 42, zaidi ya mita moja, ili barafu ya ardhini isiunyanyue. Ukishachimba hivyo, kuongeza kimo cha mtu si kazi kubwa tena. Basi chumba cha mamba kikahamia chini. Lakini huko chini ndiko kulikokuwa na tanuru la kupasha nyumba joto, mashine ya kufulia, na mahali mtoto anapochezea wakati wa baridi. Shemeji akanyamaza. Wanaomjua wanajua maana ya kunyamaza kwake.

Joto

Mombasa kuna Haller Park, mahali palipokuwa machimbo ya kiwanda cha saruji cha Bamburi. René Haller alianza kupanda mivinje pale mwaka 1971, na leo pamekuwa msitu wenye wanyama, mamba wakiwemo. Ukimwangalia mamba wa Haller Park utaona kwamba nyumba yake ni rahisi mno: maji, ukingo, ukuta imara. Kazi iliyobaki inafanywa na jua la Mombasa bila kudai senti.

Anayefuga kaimani Champlin anainunua Mombasa kwa mita ya umeme, siku 365 kwa mwaka. Maji yanatakiwa yawe kati ya nyuzi 26 na 29 za Selsiasi, na mahali pa kuota joto pafike kama nyuzi 32 hadi 35. Nje, usiku wa Januari, kipimajoto kinaweza kushuka nyuzi 20 na zaidi chini ya sifuri. Mamba hatengenezi joto mwilini mwake kama sisi. Akipoa, hata chakula kinabaki tumboni bila kusagika, na kinaweza kuozea humo.

Tulifanya hesabu ya kupasha maji tu. Maji ya bomba wakati wa baridi tuliyakadiria nyuzi 10, na tunataka 28. Kupandisha mita moja ya ujazo kwa nyuzi moja kunakula uniti 1.16 za umeme. Zidisha kwa mita za ujazo 6, kisha kwa nyuzi 18, unapata uniti kama 125. Nyumba ya wastani ya Marekani hutumia kama uniti 30 kwa siku. Kulijaza bwawa mara moja ni sawa na kuendesha nyumba nzima siku nne. Ukibadilisha nusu ya maji kila wiki, ni siku mbili za nyumba nzima, kila wiki, kabla hujalipia taa, pampu na joto linalotoroka ukutani.

Halafu kuna jambo ambalo halikumjia kaka hata kidogo: umeme ukikatika. Dhoruba ya theluji ikiangusha nyaya, watu huvaa makoti na kusubiri. Mamba hana koti. Katika mchoro nikaandika jenereta, na mahali pa kuiweka nje ya nyumba, kwa sababu moshi wake ndani ya nyumba huua watu kimya kimya.

Ukuta kutoa jasho

Niliposhindwa kupata neno la Kiswahili la mvuke kugeuka maji juu ya ukuta, shemeji alinipa papo hapo: "Ukuta unatoa jasho." Nikaliandika hivyo hivyo kwenye mchoro, na nadhani ni zuri kuliko lolote ambalo ningelibuni mimi.

Chumba chenye nyuzi 28 na unyevu wa asilimia 80 kina hewa ambayo huanza kutoa jasho ikigusa kitu chochote chenye nyuzi 24 au chini. Dirisha la besimenti mwezi Januari ni baridi kuliko hapo. Ukuta wa nje pia, hasa ndani kwa ndani, mahali jicho halifiki. Maji yanaingia kwenye mbao, mbao zinaota ukungu, ukungu unapanda na hewa hadi chumba cha mtoto. Tiba yake inajulikana: sponji ya kuzuia baridi ukutani, karatasi ya nailoni isiyopitisha mvuke upande wa joto, mbao za saruji badala ya mbao za miti, rangi isiyopitisha maji, na mashine ya kubadilisha hewa inayookoa joto kabla ya kuitoa nje. Kila kimoja kati ya hivyo kinauzwa dukani. Ukiviweka vyote pamoja, umejenga chumba ndani ya chumba.

Maji machafu na mikono ya watoto

Mamba hunya majini. Chujio la tangi la samaki halimwezi. Linahitajika chujio kubwa lenye nafasi ya bakteria wanaobadilisha sumu ya kinyesi, pampu ya kulizungusha bwawa lote, sakafu yenye mteremko, na bomba la kutolea maji lililounganishwa na mfumo wa maji machafu wa nyumba. Ndoo hazitoshi. Tani tatu za maji kwa wiki ni ndoo 150 za lita 20.

Na maji hayo yana vijidudu. Reptilia wengi hubeba salmonela bila wao kuugua. Marekani ilipiga marufuku tangu mwaka 1975 kuuza kobe wadogo wenye gamba la chini ya inchi nne, kwa sababu watoto walikuwa wakiwatia mdomoni na kuugua. Wataalamu wa afya wanashauri watoto wa chini ya miaka mitano wasiwaguse kabisa reptilia wala vyombo vyao. Mtoto wetu ana mitatu, na sinki ambamo kaka alikuwa akisafishia jiwe la Bosi ndilo shemeji analooshea mchele. Hilo tulilibadilisha siku ileile, kabla ya mchoro kuisha.

Daka la mamba

Sehemu iliyonipa raha kuichora ni mlango. Nyumba za mawe za Lamu na Unguja zina daka, pale mgeni anapokaribishwa kabla hajaingia ndani. Wazee wale walijua kumchelewesha mtu kati ya barabara na familia. Nikakitengenezea chumba cha mamba daka lake: mlango wa kwanza, nafasi ndogo yenye dirisha la kuchungulia, kisha mlango wa pili. Milango hii miwili haifunguki kwa pamoja. Unaingia dakani, unafunga nyuma yako, unahakikisha kwa macho yuko wapi, ndipo unapofungua wa pili. Kufuli ziko juu, mkono wa mtoto usipofika.

Ndani nikaweka lango la kuteleza kati ya bwawa na nchi kavu, linaloendeshwa kutoka dakani. Akiwa majini, unalishusha na kusafisha nchi kavu. Akiwa juu, unasafisha bwawa. Anayemhudumia hasimami kamwe sehemu moja na mamba wa mita 1.8. Kuta zinafika darini, kwa sababu kaimani wadogo ni wapandaji hodari. Umeme wote umepita kwenye swichi inayokata mara tu umeme unapovuja, na taa ziko juu ndani ya wavu, maana maji na taa ya moto havipatani.

Nasema haya kwa kirefu ili nisieleweke vibaya. Chumba hiki kinawezekana. Hakuna kipengele hata kimoja ambacho fundi mzuri wa hapa mjini hawezi kukifanya. Wapo watu wanaofanya hivyo kwa uaminifu, na katika chama cha hapa cha wapenzi wa reptilia, Minnesota Herpetological Society, utakutana na wanaoijua kazi hii kuliko mimi. Ila wahenga walisema katika msafara wa mamba na kenge wamo. Mchoro ndio unaowatenganisha.

Miaka

Nilipomaliza nikaandika chini ya karatasi mstari mmoja: "Muda wa matumizi ya chumba: miaka 30 hadi 40." Ndivyo mnyama huyu anavyoweza kuishi akitunzwa vizuri.

Hapa nawageukia wanachama wenzangu, hasa tuliotoka nyumbani. Shahada yetu ni miaka minne. Viza yetu ina tarehe. Mikataba yetu ya nyumba ni ya mwaka mmoja, na mingi inakataza hata paka. Mama akiugua Tanga au Kisumu tunapanda ndege wiki hiyohiyo. Nani atabaki na mamba? Unaweza kumwomba rafiki amwagilie maua yako. Huwezi kumwomba aingie dakani. Kaimani yumo pia katika orodha ya mkataba wa CITES wa biashara ya wanyama walio hatarini, kwa hiyo usidhani utamtia kwenye sanduku na kurudi naye.

Kuwajibu wa pande mbili

Wanaosema "kila mtu na nyumba yake" nawaambia hivi: nyumba yako ina ukuta unaopakana na mwenzio, bomba la maji machafu la mji, na mtoto ambaye hakuulizwa. Siku mlango utakaposahaulika wazi, polisi atakayekuja hatakuwa ameelekezwa na mchoro wowote.

Wanaotaka marufuku kabisa wana hoja nzito zaidi, na wiki ile nilikaribia kuwaunga mkono. Kinachonirudisha nyuma ni kile kinachotokea marufuku ikikutana na mtu ambaye tayari anaye. Anamficha. Aliyefichwa hapelekwi kwa daktari wa mifugo, hajengewi chumba na fundi mwenye leseni, na akishakuwa mkubwa anaachwa usiku kwenye maji yaliyo karibu. Huko Florida na Puerto Rico, ambako hakuna baridi, kaimani walioachwa na wafugaji walizaliana na sasa wanaishi porini mahali pasipo pao. Hapa Champlin maji yaliyo karibu ni Mto Mississippi. Kaimani akitupwa humo mwezi wa saba anaweza kuwatisha watu kwa wiki kadhaa. Mwezi wa kumi na moja atakufa taratibu kwa baridi, na hakuna atakayejua.

Sheria ya jimbo la Minnesota inayodhibiti wanyama wa hatari, kifungu cha 346.155, inataja jamii ya paka wakubwa, dubu, na nyani wa kila aina. Mamba hawamo. Suala limeachiwa miji, na kila mji una kanuni zake, kwa hiyo jambo la kwanza ni kupiga simu ofisi ya mji wako kabla hujatoa pesa. Kaka alipiga baada ya kununua. Usimwige.

Pendekezo langu kwa miji ni jepesi. Pale ambapo mamba wanaruhusiwa, mwombaji alete mchoro wa chumba cha mnyama aliyekomaa, na mkaguzi wa majengo akikague kikiwa kimejengwa, mnyama akiwa bado kwa muuzaji. Ukitaka kujenga roshani ya mbao nyuma ya nyumba, miji mingi huku inakudai mchoro na kibali. Roshani hiyo haina meno. Na muuzaji asimkabidhi mtu mnyama bila kibali hicho. Wengi wataishia kwenye karatasi, na hilo halimdhuru mtu wala mnyama. Wachache watakaofika mwisho watakuwa wamethibitisha kwa zege kwamba walikuwa wanasema kweli.

Karatasi ilivyosomwa

Mchoro ulikaa mlangoni mwa friji wiki mbili. Kwa kuwa uliandikwa kwa Kiswahili, shemeji aliusoma wote, akauliza maswali ambayo mimi mwenyewe sikuwa nimejiuliza. Nimejifunza hapo kitu kuhusu lugha yetu pia. Tunajadili sana kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi. Katika nyumba ile kilibeba tani 6 za maji, nyuzi 28, mteremko wa sakafu na jasho la ukuta, na kikamwezesha mama wa nyumba kusema lake katika uamuzi ambao ungefanywa bila yeye kama karatasi ingekuwa ya Kiingereza.

Swali lake la mwisho lilikuwa fupi. Alimwita mumewe kwa jina la mtoto, kama anavyofanya mambo yakiwa mazito. "Baba fulani, huyu wetu akiwa na miaka thelathini, huyo wako atakuwa wapi?"

Kaka alikaa kimya kitambo. Kisha akasema, "Basi tumtafutie mwenye nafasi."

Kumbe hiyo nayo si kazi ndogo. Tulipiga simu sehemu tatu zinazopokea reptilia. Mbili zilisema zimejaa. Ya tatu ilituweka kwenye orodha, ikatueleza kwa upole kwamba simu kama yetu huzipata mara kwa mara, na karibu zote huanza na maneno yaleyale: alikuwa mdogo tulipomnunua.

Mpaka naandika haya Bosi bado yuko Champlin, katika tangi kubwa zaidi lililowekwa chini juu ya zege, kwenye chumba kinachofungwa kwa ufunguo. Ameongezeka sentimita saba. Kaka anampima kila Jumapili na kuandika urefu wake pembeni mwa mchoro ule, karibu na ile mita 1.8.